Kutoka fremu hadi pazia: mwongozo wa fundi alumini anayetaka kumaliza dirisha zima

Kwa miaka mingi kazi yangu iliishia kwenye kubandua nailoni ya kinga kwenye fremu, kufuta kioo na kukusanya vifaa. Mama mwenye nyumba angeniuliza, "Fundi, na mapazia je?" Nami ningemjibu, "Hayo si ya kwangu, mama, nenda Kariakoo utapata ya kila namna." Nikapanda bodaboda, nikaondoka.

Nyumba moja ya Goba ndiyo iliyonibadilisha. Mvua za masika zilipoanza, nikapigiwa simu kwamba dirisha langu linavuja. Nikaenda. Aliyefunga reli ya blainzi, yale mapazia ya kuvuta kwa kamba au mnyororo, alikuwa amekwepa kutoboa ukuta kwa sababu drili yake ilikuwa dhaifu, akaingiza skrubu nne kwenye fremu yangu ya juu. Moja ilipita hadi upande wa pili. Maji yalifuata tundu lile, yakashuka ndani ya fremu na kutokea sebuleni. Silikoni, ngazi na nauli vikawa juu yangu. Faida ya blainzi alikuwa nayo mwenzangu, na lawama nikabaki nayo mimi.

Kama unafunga madirisha, tayari una ngazi, drili na ruhusa ya kuingia saiti, na mwenye nyumba ameshakuzoea. Ila usidhani una vipimo. Kitabu chako cha alumini kina vipimo vya alumini tu, na wengi wetu tunapata hasara ya kwanza hapo. Nitalirudia jambo hili mpaka ulichoke.

Jua unachouza kabla ya kuuza

Mteja wa pazia ananunua vitu vitatu: stara, kivuli na sura ya chumba. Kwetu pwani stara ndiyo inayotangulia. Mswahili huweka pazia hata mlangoni, mlango ukiwa wazi mchana kutwa.

Sasa tazama vile vioo vya kung'aa ambavyo wengi wetu tunawauzia watu, vile ambavyo aliye nje hujiona kama anajitazama akinyoa. Mteja huambiwa, "Kioo hiki hata pazia huhitaji." Mchana ni kweli. Usiku ukiwasha taa ndani mambo yanageuka: wewe ndiye unayejiona kwenye kioo, na aliye barabarani anakuona mpaka sahani uliyoishika. Kioo cha namna hiyo huficha upande wenye mwanga mdogo, basi. Ukimwambia mteja ukweli huu siku ya kukabidhi madirisha, jioni, huku taa zimewashwa na umemtoa nje ajionee mwenyewe, hutahitaji maneno mengine ya kuuza.

Kuhusu jua, simama katikati ya nyumba na uulize magharibi ni wapi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko juu sana na upenu wa paa huukinga vizuri ukuta wa kaskazini na wa kusini. Shida iko mashariki asubuhi, na zaidi magharibi kuanzia saa tisa, jua linaposhuka na kupita chini ya upenu. Chumba cha kulala kinachotazama magharibi kinahitaji kitambaa kizito chenye bitana nyeupe upande wa kioo, au shata, yaani kizuizi cha mbao au alumini kinachofungwa nje ya kioo. Jiko la upande wa kusini linatoshwa na rola nyepesi, ile blainzi ya kitambaa inayojiviringisha juu. Ukimuuzia mteja kitambaa kizito nyumba nzima utapata hela leo, ila hatakutuma kwa jirani yake.

Hatua ya kwanza: usinunue cherehani

Najua hamu unayoipata: kuchukua mkopo, kupanga fremu ya duka na kununua cherehani za umeme mbili na marobota ya kitambaa. Acha kwanza. Kitambaa kina mitindo, na rangi iliyotamba mwaka huu itakukalia rafuni mwakani ikila pesa yako.

Anza na mambo matatu. Kwanza, vitabu vya sampuli kutoka kwa wauzaji wa jumla wawili au watatu wanaokata blainzi kwa kipimo. Pili, fundi cherehani mmoja ambaye kazi yake umeiona ikiwa imening'inia, maana iliyokunjwa mezani haikuonyeshi kitu. Angalia kama pindo la chini limenyooka na kama maua ya pande mbili yanakutana katikati. Mlipe kwa mita au kwa pazia, mkubaliane kwa maandishi, na usimkopeshe muda wake. Tatu, dirisha moja la mfano kwenye karakana yako, lenye kioo, grili, bomba la pazia na rola. Mteja akivuta mnyororo mwenyewe anaamua haraka kuliko akionyeshwa picha kwenye simu.

Kama una kijana kwenye karakana mwenye mkono mwepesi, mpeleke VETA, chuo cha ufundi stadi, kwenye kozi fupi ya ushonaji. Itakusaidia hata kama hatashona, kwa sababu utakuwa na mtu wa kukagua kazi ya fundi cherehani kabla mteja hajaikagua.

Wakubwa wa kitambaa Kariakoo huleta mizigo yao kutoka China, hasa soko la Keqiao mjini Shaoxing, na mingine kutoka Uturuki. Siku moja utataka kuagiza mwenyewe. Subiri hadi uwe umejua, kutokana na kazi zako mwenyewe, rangi tatu ambazo watu wako huzirudia.

Hatua ya pili: pima upya, hata kama ulipima jana

Kazi yangu ya kwanza ya blainzi ilikuwa ofisi moja ya madirisha kumi na moja. Niliyafunga mwenyewe, kwa hiyo nilifungua kitabu changu, nikanakili vipimo na kuagiza. Rola tatu hazikuingia, na mbili zikaingia kwa kukwaruza rangi. Baada ya mimi kufunga fremu, mafundi wengine walipita: wa skimu (lipu laini ya mwisho) akaongeza unene kwenye kingo, wa rangi akaongeza wake, wa marumaru akainua kizingiti cha chini. Uwazi niliouacha ukiwa milimita 1,780 sasa ulikuwa 1,768 juu na 1,761 chini. Kwa dirisha la alumini tofauti hiyo unaiziba kwa silikoni, lakini blainzi haizibwi.

Kwa hiyo pima baada ya rangi ya mwisho, na upime kila dirisha peke yake, hata kama kwa macho yote yanalingana. Tumia futikamba ya chuma, na uandike kwa milimita tu. Sisi tunaongea inchi na futi, kitambaa kinauzwa kwa mita na blainzi kwa mita za mraba. Ukichanganya kwenye karatasi moja, kuna siku 60 ya inchi itasomwa 60 ya sentimita.

Blainzi ikikaa ndani ya uwazi, pima upana mara tatu, juu, katikati na chini, kisha uchukue ulio mdogo kuliko yote. Pima urefu kushoto, katikati na kulia. Kwa rola chukua ulio mkubwa, kwa sababu kitambaa unaweza kukisimamisha popote, ila kikiwa kifupi hakirefuki. Pima na mishazari miwili, kona hadi kona. Zikitofautiana zaidi ya sentimita moja, uwazi umepinda, na rola iliyonyooka itaufichua upindo huo kila mtu auone. Hapo mshauri mteja blainzi ya nje ya uwazi, inayofunika ukuta sentimita 10 kila upande.

Halafu pima kina, ambacho ndicho kinachosahauliwa. Tofali la inchi sita pamoja na lipu ya pande mbili hukupa ukuta wa kama sentimita 18. Toa fremu ya slaidi, gawa kinachobaki nje na ndani, na mara nyingi unabaki na sentimita 5 au 6 upande wa ndani. Kisha grili. Kama nondo zimewekwa ndani ya kioo, zimekula nafasi yote na rola haina pa kukaa. Angalia pia vishikio vya madirisha ya kufunguka, maana kishikio kinachotokeza sentimita 4 kitagongana na kitambaa kila siku.

Jambo la mwisho kwenye kipimo linahusu mdomo. Unapoagiza, sema wazi kama namba uliyotoa ni ya uwazi au ya blainzi yenyewe. Ukiwa umeshapunguza sentimita moja ili iingie, na mkataji naye akapunguza ya kwake, unapata rola inayocheza. Kumbuka kitambaa cha rola ni chembamba kuliko jumla ya rola na breketi zake kwa sentimita 3 au 4, kwa ajili ya mnyororo upande mmoja na pini upande wa pili. Mwanga utapenya pembeni, hata kama kitambaa ni cha giza kamili. Mteja wa chumba cha kulala mwambie mapema, au mwongezee pazia juu yake.

Hatua ya tatu: chagua blainzi kwa chumba

Rola ndiyo rahisi kufunga na kusafisha, anza nayo. Pundamilia, ile ya mistari inayopishana, inapendwa sebuleni, lakini haileti giza kamili, na aliyeambiwa italeta atakurudia. Blainzi za wima hupatikana zaidi katika bapa za milimita 89 na 127, na zinafaa ofisi zenye vioo vipana. Bapa la 127 likizunguka linahitaji kina cha kama sentimita 13, kwa hiyo karibu siku zote linakaa nje ya uwazi. Za mabapa ya kulala, milimita 25 za alumini au 50 za mbao, ni nzuri kwa kurekebisha mwanga, ila zinakusanya vumbi. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, usimwekee mtu adhabu hiyo.

Bafuni na jikoni weka alumini au kitambaa cha plastiki, kamwe si mbao.

Hatua ya nne: hesabu ya pazia

Hapa ndipo wenzetu wa kitambaa wanapotuzidi, na ndipo faida ilipo. Tuchukue dirisha moja la sebuleni, uwazi wa mita 1.8.

Bomba lizidi uwazi kwa sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa lijikusanye ukutani na kuacha kioo kizima wazi. Hiyo inakuwa mita 2.2. Ili pazia liwe na mikunjo, kitambaa kiwe mara mbili ya upana huo: mita 4.4. Ongeza pindo za pembeni za vipande viwili, unafika kama mita 4.6. Wanaobana bajeti hutaka mara moja na nusu. Kwa pazia jepesi la ndani unaweza kukubali. Kwa pazia zito usikubali, maana likifungwa litakaa kama shuka lililoanikwa.

Urefu: kwenye nyumba nyingi uwazi wa dirisha unaishia juu kwenye mita 2.1 kutoka sakafuni. Weka bomba sentimita 15 juu yake, unapata mita 2.25. Ongeza sentimita 10 za kichwa na 15 za pindo la chini: mita 2.5.

Sasa tazama robota la kitambaa. Kama kina upana wa sentimita 280, unakilaza: upana wake unakuwa urefu wa pazia, na unanunua mita 4.6 tu, bila kiungo. Kama kina upana wa 150, unahitaji vipande vitatu vya mita 2.5, yaani mita 7.5 (upana wake jumla ni mita 4.5, pungufu kidogo tu ya 4.6), na kila pazia linapata kipande kimoja na nusu. Kipande na nusu kina mshono, na kama kitambaa kina maua lazima ununue zaidi ili maua yakutane. Kwa hiyo kitambaa cha 150 kinachoonekana rahisi kwa mita kinaweza kuwa ghali kwa dirisha. Mfanyie mteja hesabu zote mbili mbele yake, kwenye karatasi. Mimi nimepata wateja wengi kwa karatasi ile kuliko kwa tangazo lolote.

Ringi, yale matundu ya duara ya kupitishia bomba, ziwe shufwa siku zote, ili ncha zote mbili za pazia zigeukie ukutani. Kwa pazia la mita 2.2 baada ya pindo, ringi 14 zinakaa vizuri: nafasi 13 za sentimita 16, na sentimita 6 zinabaki kila ncha. Fundi cherehani akikuletea ringi 13, mrudishie.

Pamba na kitani hupungua maji yakiingia. Kiloweshe kitambaa na kukianika kabla ya kukata, au mweleze mteja kwa maandishi kwamba pazia hilo ni la kusafishwa kwa drai klini tu, bila maji.

Hatua ya tano: kufunga

Juu ya dirisha kuna lenta. Ni zege lenye nondo, na drili ya kawaida italia tu juu yake. Tumia drili ya nyundo, biti ya milimita 6 au 8, fisha (plagi ya plastiki ya ukutani) inayolingana nayo, na skrubu ndefu. Ukigonga nondo, usilazimishe: sogea sentimita 2. Bomba refu kuliko mita 2 liwekee mkono wa katikati, vinginevyo litapinda kwa uzito wa kitambaa.

Nyumba mpya nyingi zina dari ya jipsam yenye boksi la kufichia reli. Fundi wa jipsam asipoambiwa, atakuachia boksi la sentimita 10, na reli mbili pamoja na mikunjo ya kitambaa hazitaingia. Mwone kabla hajaanza na umwombe 18 hadi 20, na aweke kipande cha mbao juu ya jipsam mahali skrubu zitakapopita. Jipsam yenyewe haishiki pazia zito. Itakaa miezi mitatu, kisha itashuka na vipande vyake.

Karibu na bahari, kuanzia Kigamboni mpaka Msasani, breketi ya chuma cha kawaida hutoa kutu mapema na kutu hiyo hushuka kwenye kitambaa. Tumia chuma kisichoshika kutu, na skrubu zake ziwe hivyo pia. Skrubu ya bei rahisi kwenye breketi nzuri ni kazi bure.

Na kamba. Mnyororo wa blainzi unaoning'inia umewahi kunyonga watoto wadogo katika nchi nyingi, na kiwango cha Ulaya cha EN 13120 kinataka kishikilia kamba kiwe angalau mita 1.5 kutoka sakafuni. Kifunge kishikilia hicho kila nyumba, hata isiyo na mtoto, kwa sababu wajukuu huja likizo. Usiache kitanda cha mtoto chini ya dirisha lenye mnyororo bila kumwonya mama yake.

Na usitoboe fremu ya alumini. Hilo nimeshalilipia.

Hatua ya sita: bei na karatasi

Kitu kilichokatwa kwa kipimo cha dirisha moja hakiuziki kwa mtu mwingine, kwa hiyo chukua asilimia 70 ya malipo kabla ya kukata na inayobaki siku ya kufunga. Anayekataa advansi ya blainzi huwa anakataa na salio.

Andika makadirio kwa dirisha, usiandike kwa nyumba: kitambaa mita ngapi, ushonaji, bomba, ringi, kufunga, usafiri. Weka sampuli ya kitambaa iliyobanwa na stepla kwenye karatasi na mteja aitie sahihi. "Krimu" ya mume na "krimu" ya mke ni rangi mbili tofauti, nimeshuhudia.

Ukiwa na jina la biashara lililosajiliwa BRELA na namba ya mlipa kodi ya TRA kwa ajili ya alumini, hakikisha leseni yako inataja pia biashara hii mpya. Na uangalie mauzo yako ya mwaka: kitambaa hupita mikononi mwako kwa thamani kubwa, na kizingiti cha kujisajili VAT ni shilingi milioni 200 kwa mwaka tangu Julai 2023. Kazi ambayo mteja anajinunulia kitambaa na wewe unalipwa ufundi tu haikuongezei mauzo kwa kiasi kile.

Shata, ukiwa umeshajipanga

Nimeiacha mwisho kwa sababu inadai mtaji na mkono wa useremala. Lakini ndiyo inayozuia joto kweli, maana inalisimamisha jua kabla halijagusa kioo. Pazia la ndani hulikuta joto limeshaingia. Wazee wa Unguja na Lamu walilijua hilo: madirisha yao yana shata za mbao zenye luva (vibao vya mlazo vyenye nafasi kati yake), upepo unapita, jua linabaki nje.

Kwa shata za mbao tafuta mninga, mkongo au mtiki uliokaushwa vizuri. Mbao mbichi itajikunja na luva zitakwama. Ukipata kazi Mji Mkongwe, usibadilishe dirisha bila idhini ya mamlaka ya uhifadhi wa mji huo, kwani ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na nyumba zake zina masharti. Kwa shata za luva za alumini huna haja ya kujifunza upya: ni mashine zako zilezile za kukata na kona zilezile, kwa hiyo mimi ningeanzia hapo.

Shata za kukunja za usalama, zinazoshuka kwa mota, kila mwenye duka anazitaka na siku hizi hata wenye nyumba. Ukizifunga nyumbani, sharti ziwe na mkono wa kuzungushia umeme ukikatika, na mkono huo ukae ndani ya chumba. Nilikuta nyumba moja mkono umefungiwa stoo ya nje. Siku umeme wa TANESCO unakatika usiku, na kuna moshi jikoni, aliyelala chumbani hana pa kupita. Niliutoa stoo, nikaupigia klipu mbili ukutani kando ya kitanda, nikamwita kijana wa nyumba ile azungushe mwenyewe mpaka shata ikafika juu.